Kwanza Nunua Kisichoanguka



Leo nina neno na kijana wa Kibaha, na mwenzake wa Kisarawe, aliyeziona zile ndege ndogo za mota nne zikipita kwa kasi chini ya matawi, zikabinuka, zikarudi, naye akasema: na mimi nitaunda yangu. Nina neno na mzazi wake pia, maana huenda pesa ikatoka mfukoni mwa mzazi, na meza ya kulehemia ikawa meza yake ya chakula.

Ndege hiyo inaitwa droni ya FPV. Usiichanganye na droni unayoiona kwenye harusi. Ile ya harusi inajishikilia yenyewe hewani. Mpiga picha akiachia vijiti vya rimoti, inatulia pale pale ikimsubiri. Hii ya FPV haimsubiri mtu. Rubani amevaa miwani yenye skrini ndani, anaona kile kinachoonwa na kamera iliyofungwa mbele ya ndege, na kila inapoinama au kupanda ni kazi ya vidole vyake. Akiachia vijiti, haitulii, na mwisho wake ni chini. Kwa hiyo itaanguka. Itaanguka siku ya kwanza, na itaendelea kuanguka hata rubani atakapokuwa bingwa wa wilaya nzima, kwa sababu bingwa ndiye anayethubutu kupita mahali pembamba.

Ndiyo maana nasema swali ambalo wengi huanza nalo, yaani mota ipi ina nguvu na fremu ipi ina kasi, ni swali la baadaye. Swali la kwanza ni hili: kitu hiki kikivunjika, nitakitengeneza kwa nini, na baada ya muda gani? Mtu wa Shenzhen kule China akivunja kipuri asubuhi, jioni anakipata dukani. Mtu wa Maili Moja ya Kibaha au wa Maneromango ya Kisarawe akivunja kipuri hicho hicho, anasubiri mzigo. Basi ushauri wangu wote wa leo unaingia katika sentensi moja: pesa ya kwanza iweke kwenye vitu visivyoanguka, na vile vitakavyoanguka vichague kwa jinsi vinavyotengenezeka.

Nchi yetu si ngeni kwa droni. Mwaka 2015 vijana wa mradi wa Ramani Huria walizitumia kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayofurika. Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza mradi wake wa kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walikuwa miongoni mwa warushaji. Mwaka 2018 ndege ya Wingcopter, katika mradi wa DHL na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, ilivuka maji ya Ziwa Victoria kupeleka dawa Ukerewe, kilomita kama 60 kwa dakika kama 40. Ni kazi za kujivunia. Lakini ndege zote hizo zilitoka viwandani zikiwa kamili. Aliyezirusha alifundishwa kurusha. Kuunda ilikuwa kazi ya wengine.

Droni ya FPV ina historia nyingine. Mwaka 2010 Mfaransa mmoja, Alexandre Dubus, alichukua kipimo cha mizunguko kutoka kwenye kifaa cha nyongeza cha rimoti ya mchezo wa Nintendo Wii, akakiunganisha na bodi ndogo ya bei rahisi, akaandika programu ya kuisawazisha ndege ya mota kadhaa. Akaiita MultiWii. Wengine wakaichukua wakaiendeleza, mkono kwa mkono, mpaka ikazaliwa Betaflight, programu ambayo leo iko ndani ya droni nyingi za FPV duniani, na ni ya bure. Yaani ndege hii ilianzia kwenye kifaa kilichofumuliwa. Fundi simu wa Kibaha anayetoa kipuri kwenye simu iliyokufa na kuifufua nyingine amekwisha kuingia katika kazi hii bila kuambiwa.

Sasa tuje kwenye manunuzi.

Kitu cha kwanza kununua ni rimoti. Chagua inayotumia mfumo wa ExpressLRS wa gigahezi 2.4. Sababu ni mbili. Mfumo huu ni wa wazi. Haumilikiwi na kampuni moja, kwa hiyo vipokezi vyake, vile vinavyofungwa kwenye ndege, vinatengenezwa na viwanda vingi na bei yake ni ndogo. Na rimoti nzuri ya aina hiyo, kwa mfano RadioMaster Pocket, inapatikana kwa chini ya dola 100. Rimoti haianguki. Ukiitunza utaitumia kurusha ndege yako ya kwanza, ya tatu na ya kumi.

Halafu rimoti hiyo unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na hapo unaanza shule. Zipo programu za mazoezi kama Liftoff na VelociDrone. Ndani yake unaruka, unagonga, unavunja, na hulipi mkono wa ndege hata mmoja. Kaa nayo mpaka vidole viache kufikiri. Wako watakaokuambia kwamba huko ni kucheza gemu. Waache. Mzigo wako uko njiani, na mzigo huchelewa. Muda huo ndio wa kujifunza. Kama kompyuta nyumbani haipo, shule yenye maabara ya kompyuta inaweza kuwa na nafasi baada ya vipindi, na hapo mwalimu wa fizikia atakuwa rafiki yako mkubwa.

Kitu cha pili kisichoanguka ni chuma cha kulehemu. Hapa msikilizaji nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ndege nyingi za kwanza hufia. Chuma cha bei ya chini kabisa, cha wati 30 chenye ncha kama sindano, kinatosha kwa waya wa redio. Kwenye bodi ya droni hakitoshi. Pale panapoungwa waya mkubwa wa betri, hasa upande wa hasi, shaba ya bodi ni nene na inanyonya joto lote. Lehemu inakaa juu bila kushika. Kwa macho imeungwa, kwa umeme haijaungwa. Ndege inapanda mita kumi, kiungo kinaachia, inashuka kama jiwe. Tafuta chuma cha wati 60 au zaidi, kinachodhibiti joto, chenye ncha pana kama ya patasi. Weka nyuzi kati ya 350 na 400. Lehemu iwe ya bati na risasi, ile ya 63 kwa 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi inataka zaidi ya nyuzi 210 na inamsumbua anayejifunza. Kwa kuwa ina risasi, fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

Usianze kulehemu kwenye bodi mpya. Pita kwa fundi redio, mwombe bodi mbovu ya televisheni au ya redio ya gari, uunge na kubandua waya mpaka kiungo kiwe na mng'ao na umbo la mlima mdogo. Vyuo vya VETA na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale Kibaha ni mahali pa kuulizia mtu wa kukushika mkono.

Vifaa vingine vya mezani ni vichache. Mita ya kupimia umeme. Koleo ndogo ya kukatia waya. Kibano. Bisibisi za ncha ya pembe sita, za milimita 1.5, 2 na 2.5, hizi nunua za chuma kigumu, maana bisibisi laini inakwangua kichwa cha skrubu na skrubu haitoki tena. Spana namba 8 ya nati za propela. Gundi ya buluu ya kuzuia skrubu zisilegee kwa mtikisiko. Karibu vyote hivi vinapatikana Kariakoo, na vingine duka la vifaa vya pikipiki hapo mtaani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi hii, bisibisi na chuma cha kulehemu vichague kwa makini bila aibu. Kwenye mota na fremu ndipo ukumbuke maneno ya wahenga.

Kitu cha tatu ni chaja, pamoja na miwani. Chaja ya droni si ile ya simu. Inachaji kila seli na kuisawazisha na wenzake. Chagua inayokubali umeme wa moja kwa moja wa kuanzia volti 12, kwa sababu hiyo unaweza kuiunga kwenye betri ya gari au betri ya sola, na umeme ukikatika wewe unaendelea. Miwani nayo, kwa ndege ya kwanza, iwe ya mfumo wa analogi. Picha yake ina chenga, sitakudanganya, na ile ya dijiti ni safi sana. Lakini hesabu kile kinachobebwa na ndege: kamera na kirusha picha cha analogi vinaweza kukugharimu kama dola 40 au 50 kwa pamoja, wakati seti ya dijiti ya kufungwa kwenye ndege inapita dola 100 na mara nyingi inakaribia 200 au zaidi. Ndicho kitakachogonga mkorosho. Gonga kwanza na cha bei ndogo.

Hapo ndipo tunafika kwenye vitu vinavyoanguka.

Ukubwa. Nashauri ndege ya kwanza kuunda iwe ya propela za inchi 5. Najua wapo wanaosema anza na ile ndogo inayokaa kiganjani. Ndogo ni nzuri kwa kujifunza kurusha, na ukipata uwezo nunua moja iliyokamilika uirushe uani. Lakini kuunda ndogo ni kulehemu nukta ndogo kuliko chembe ya mchele, kwa mkono usiozoea. Inchi 5 ina nafasi, nukta zake za kulehemia ni kubwa, na kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi, vipuri vyake ndivyo vingi na ndivyo rahisi.

Fremu iwe ya kaboni, mikono yenye unene wa milimita 5, na kila mkono ufunguke peke yake. Zipo fremu ambazo mikono minne ni kipande kimoja. Ni nyepesi, lakini mkono mmoja ukikatika unabadilisha vyote. Agiza fremu pamoja na mikono ya akiba siku ile ile, kwa sababu mikono ya fremu moja haiingii kwenye fremu nyingine, na fremu yako inaweza kuacha kutengenezwa kabla hujaivunja.

Mota zina namba. Ukiona 2207, maana yake kiini cha ndani kina upana wa milimita 22 na kimo cha milimita 7. Hiyo au 2306 ndizo za kawaida kwa inchi 5. Namba nyingine ni KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Na hapa kuna hesabu ya kufanya kabla ya kulipa. Betri ya seli nne ikijaa ina volti 16.8, ukizidisha kwa mota ya KV 2500 unapata mizunguko 42,000. Betri ya seli sita ikijaa ina volti 25.2, ukizidisha kwa mota ya KV 1750 unapata 44,100. Zinakaribiana. Ile ya seli sita inavuta mkondo mdogo zaidi kwa kazi ile ile, ndiyo maana wengi wamehamia huko. Lakini ukichukua betri ya seli sita ukaiunga na mota ya KV 2500, utanusa moshi. Kwa hiyo betri na mota vinachaguliwa siku moja, na vinachaguliwa kwa kuangalia betri unayoweza kuipata. Mota moja ya kawaida iliyo nzuri inauzwa kama dola 15 hadi 25. Nunua tano, si nne. Na kabla ya kuifunga, pima urefu wa skrubu: skrubu ndefu kupita kiasi inaingia mpaka kwenye nyaya za mota na kuiunguza kabla haijaruka. Kwa mkono wa milimita 5, skrubu ya milimita 8 kwa kawaida inatosha.

Bodi ziko mbili: moja inaendesha mota nne, nyingine inafikiri na kusawazisha. Zinauzwa pia zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Chukua mbili zilizotengana, zenye matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 30.5, kipimo kilichozoeleka. Bodi ya mota ndiyo huungua zaidi. Ikiungua, ya kufikiri inabaki. Hakikisha ya kufikiri inakubali Betaflight, na ya mota iwe na programu ya wazi kama AM32. Mwaka 2024 programu moja ya kampuni iliyotumiwa na watu wengi sana, BLHeli_32, ilisitishwa ghafla, na waliokuwa na bodi zake wakajikuta hawana wa kuwaletea maboresho. Kitu cha wazi hakifungwi na mtu mmoja. Tena angalia waya unaounganisha bodi hizi mbili: kila kiwanda kinapanga nyuzi zake kwa mpangilio wake, na plagi inaingia vizuri kabisa hata kama mpangilio haulingani. Linganisha uzi mmoja mmoja kwenye mchoro kabla ya kuwasha.

Propela nunua kwa wingi. Hizi ndizo za kupoteza. Seti ya nne haizidi dola chache, na siku moja ya mazoezi inaweza kumaliza seti kadhaa. Kirusha picha usikiwashe hata mara moja bila antena yake, kitaungua kwa dakika chache. Na antena ya ndege na ya miwani ziwe za mawimbi yanayozunguka upande mmoja, zote za kulia au zote za kushoto, la sivyo picha inakatika karibu.

Nimebakiza betri makusudi, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote. Ni betri za lithiamu polima, wenyewe wanaziita lipo. Kimataifa zinahesabiwa mizigo ya hatari, kwa hiyo wasafirishaji wengi wa ndege wanazikataa au wanazipandisha bei. Mizigo mingine inakuja kwa ndege kwa siku chache kupitia mawakala wa Kariakoo; betri inaweza kuja kwa meli, na meli ina ratiba yake. Kijana aliyenunua kila kitu akasahau betri atakuwa na ndege ya kutazama mezani. Ulizia betri kwanza, jua zipi zinapatikana Dar es Salaam au zipi wakala wako anakubali kuzileta kihalali, ndipo uchague seli nne au sita.

Nne zinatosha kuanzia. Betri ya milliampia-saa 1500, ndege ikivuta kwa wastani ampia 20, haikupi zaidi ya dakika nne na nusu, basi. Usije ukashawishika kuunganisha zile seli za duara kutoka kwenye betri za kompyuta za zamani. Zinafaa kuendesha miwani au rimoti, hazina pumzi ya kuinua ndege inayoweza kuvuta zaidi ya ampia 100 rubani akisukuma kijiti mpaka juu.

Na lipo haitaki mchezo nyumbani. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.5 hewani, ukiiweka kwa siku kadhaa iache kwenye 3.8. Ikivimba au ikichubuka, imestaafu. Ichaji kwenye sakafu ya saruji, ukiwepo, si juu ya godoro, si karibu na chandarua. Zihifadhi kwenye sanduku la bati, si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mzazi unayenisikiliza, hili simamia mwenyewe.

Vipuri vimefika, umeunganisha. Unatamani kuchomeka betri. Ngoja. Pima kwa mita kati ya chanya na hasi ya plagi. Ikilia mfululizo, kuna mahali umeme umekatisha njia. Kisha nenda duka la vipuri vya magari, nunua balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, uiunge katikati ya waya mmoja wa betri ya seli nne. Kwa seli sita tumia ya lori, ya volti 24. Ukichomeka, balbu ikiwaka kidogo na kufifia, uko salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, chomoa, tafuta kosa. Balbu imekuokolea bodi. Na mpaka siku ya kwenda uwanjani, propela zisiwe juu ya mota. Kupanga programu, kukagua mota zinazunguka upande gani, kujaribu kwamba ukizima rimoti mota zinasimama, vyote vinafanywa bila propela. Panga hizo zinakata kidole.

Sasa, wapi utarusha? Hapa Kibaha na Kisarawe zinatofautiana, na tofauti hiyo inarudi mpaka kwenye uchaguzi wa vipuri.

Kibaha ina mashamba na viwanja, lakini ina Barabara ya Morogoro yenye magari mchana na usiku, ina Hospitali ya Tumbi, ina nyaya za umeme. Ina pia Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi, mahali ambapo nchi hii ilijaribu kuunda lori lake yenyewe. Kwa anayependa kuunda, Nyumbu ni jina la heshima. Kwa anayetaka kurusha, ni eneo la kukaa nalo mbali. Ndege ya gramu kama 700 inayopita kilomita 100 kwa saa si kitu cha kupitisha juu ya kituo cha daladala, hata kama unaishi mtaa unaoitwa Picha ya Ndege.

Kisarawe ina vilima na nafasi, na ukitoka mjini watu ni wachache. Lakini ndege kubwa zinazotua Uwanja wa Julius Nyerere kutoka kusini magharibi zinashuka upande huo wa Pugu, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huingii na ndege yako kwa sababu umeona miti imependeza. Halafu kuna jambo la kiufundi: mawimbi ya gigahezi 5.8 yanayoleta picha hayapiti mlima na hayapendi majani mabichi. Mkorosho una matawi mapana yanayokaribia ardhi. Ukipita nyuma ya mikorosho mitatu baada ya mvua, skrini inajaa chenga na unaruka kipofu. Kwa Kisarawe, nguvu ya kirusha picha na ubora wa antena vina maana kubwa kuliko mota ya gharama. Na kwa pande zote mbili, vumbi letu jekundu lina chembe za chuma zinazovutwa na sumaku za mota. Kila baada ya kuanguka, pangusa mota na uizungushe kwa kidole usikilize kama inakwaruza.

Lakini kabla ya uwanja kuna karatasi. Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani ndani yake za mwaka 2018. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayosajili na kutoa vibali, na Wizara ya Ulinzi ina kauli yake katika vibali hivyo. Masafa ya redio yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Usinunue kwanza ukauliza baadaye. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, dunia imeona ndege za inchi chache kama hizi zikibeba mabomu. Askari akimwona kijana amevaa miwani nyeusi, ameshika rimoti, na kuna kitu kinanguruma angani, ana haki ya kuuliza. Kijana mwenye kibali, aliyemwarifu mwenyekiti wa mtaa na kupata ruhusa ya mwenye shamba, anajibu kwa sentensi mbili na shughuli inaendelea. Na asiende peke yake. Aliyevaa miwani haoni mtoto anayekatiza uwanja, haoni mwewe anayekuja kupigana na mgeni. Mwenzake asimame kando, macho juu, na neno lake liwe amri.

Ndiyo maana nadhani jambo hili linafaa zaidi kama kikundi. Malawi mwaka 2020 walifungua chuo cha droni Lilongwe kwa msaada wa UNICEF, na wanafunzi wake walijifunza kuunda ndege wenyewe kwa mbao nyepesi za povu, wala si kaboni. Hapa kwetu, vijana wanne wa Kibaha wakichangia chuma kimoja cha kulehemu, chaja moja na kibali kimoja kinachoeleweka, na wote wakachagua fremu ile ile na mota zile zile, akiba yao ya vipuri inakuwa moja. Ndege mbili zikivunjika, ya tatu inapatikana kwa mabaki. Anayechagua tofauti na wenzake kwa sababu ameona rangi nzuri atasubiri mzigo wake peke yake.

Kwa hiyo mpangilio wangu, kama umeshika kalamu, ni huu. Kwanza ulizia kibali na ulizia betri. Pili nunua rimoti uanze mazoezi. Tatu chuma cha kulehemu, mita na bisibisi, na bodi mbovu za kujifunzia. Nne chaja na miwani. Tano, mwisho kabisa, fremu, mota, bodi, kipokezi, kamera na kirusha picha, propela na betri, vyote kwa mkupuo mmoja pamoja na akiba zake. Kama pesa haitoshi kwa akiba, haijatosha kwa ndege. Subiri mwezi mwingine.

Na ukitaka kujua kama orodha yako imekamilika, usihesabu vilivyomo. Jiulize swali moja tu: mkono wa ndege ukikatika Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi nitakuwa uwanjani, au nitakuwa nampigia simu wakala wa mizigo? Kama jibu ni uwanjani, lipa.